Gazeti la Nyumba Tatu

Duka ninalofanyia kazi mjini Kisii liko orofa ya kwanza, juu ya muuza mabati. Tunachapa kila kitu: kadi za harusi, vitabu vya risiti, mitihani ya shule, mabango ya wanasiasa msimu ukifika. Lakini kinacholipa kodi ni vifo. Watu wanapanda ngazi wakiwa na picha kwenye simu na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono, wanataka vijitabu vya mazishi mia mbili, na wanavitaka kesho asubuhi. Kurasa nane, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe kama pesa haitoshi. Ukurasa wa tatu huwa historia ya marehemu. Hapo ndipo vita huanza: nani ni mke, nani ni mtoto, jina la nani litangulie.

Mwaka jana vita hivyo vilikuwa vya kwetu. Sokoro, babu yangu, alifariki kule Nyamira, na kwa sababu mimi ndiye mtu wa kompyuta, kazi ya kuandika ikaniangukia. Nikaandika kwamba alioa, kisha akaoa tena. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasoma, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hiyo ya pili toa."

"Tumtoe nyanya mdogo?"

"Wewe toa. Mambo ya nyumba ile tutaongea baada ya mazishi."

Nikabonyeza, mstari ukaenda. Nakala mia mbili na hamsini zikatoka bila yeye. Siku ya mazishi nilimwona ameketi kwenye kiti cha plastiki, kijitabu amekishika juu chini. Hajui kusoma. Mtu alimsomea baadaye.

Nasema haya mapema ili ujue nilikuwa nimebeba nini nilipofungua *Writing for Kenya: The Life and Works of Henry Muoria*. Ni kitabu kilichotoka mwaka 2009 kwa Brill, wachapishaji wa Leiden, Uholanzi, na kina wahariri wanne: Wangari Muoria-Sal, Bodil Folke Frederiksen, John Lonsdale na Derek Peterson. Si kitabu kipya. Si kitabu cha Wakisii pia. Kinahusu mwandishi Mkikuyu, na sehemu yake imeandikwa kwa Kikuyu, lugha ambayo mimi naijua kwa kiwango cha kununua viazi tu. Ila nilikisoma kwenye simu usiku wa kukatika stima, na mpaka leo sijakitoa kichwani.

Kama hujawahi kumsikia Muoria, hauko peke yako. Alizaliwa Kabete mwaka 1914. Alifanya kazi ya reli, akiwa mpiga simu za upepo na gadi wa treni, na huku akijifundisha uandishi wa habari kwa kozi ya posta. Hebu fikiria hiyo: mtu yuko kwenye behewa la mwisho la treni ya mizigo, anafanya mazoezi ya kuandika habari na kuyatuma ng'ambo kwa bahasha. Mwaka 1945 alitoa kijitabu chake cha kwanza, kinachouliza watu wetu tufanye nini, kisha akaacha kazi ya reli na kuanzisha gazeti, *Mumenyereri*. Maana yake ni mlinzi, mtunzaji. Lilikuwa gazeti la Kikuyu, na kwa miaka saba lilikuwa mojawapo ya magazeti ya Waafrika yaliyosomwa sana Kenya. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946, Muoria ndiye aliyeandika kijitabu cha kumpokea.

Halafu mwaka 1952 akasafiri kwenda London. Oktoba 20 mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. *Mumenyereri* likapigwa marufuku pamoja na magazeti mengine ya Waafrika. Muoria hakurudi kuishi Kenya tena. Yule aliyewahi kuwa gadi wa treni akawa gadi wa treni tena, safari hii chini ya ardhi ya London, na akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1997. Katikati aliandika kurasa kwa kurasa ambazo wachapishaji hawakuzitaka. Kitabu chake cha maisha, *I, the Gikuyu and the White Fury*, kilipata mchapishaji Nairobi mwaka 1994, miaka mitatu tu kabla ya kifo chake.

Hiyo ndiyo hadithi ya kawaida, ya mwanamume mmoja na kalamu yake. Na Lonsdale, ambaye ameifahamu historia ya Wakikuyu kuliko wengi wetu tunavyofahamu ya kwetu, anaisimulia vizuri sana kwenye sura yake. Anamsoma Muoria kama mtu wa maadili: si mwanasiasa wa kupiga ngumi hewani, bali mwalimu anayewaambia wenzake kwamba uhuru unaanza na bidii, na ukweli, na kuwa na nyumba iliyopangwa. Nakubaliana naye. Lakini nilipofika hapo kwenye "nyumba iliyopangwa" nikajiuliza, nyumba ipi? Kwa maana Muoria alikuwa na tatu.

Elizabeth Thogori alikuwa mke wa kwanza, Judith Nyamurwa wa pili, Ruth Nuna wa tatu. Majina yote matatu yako kwenye kitabu, wazi, kwa mpangilio, bila kutafuna maneno. Najua kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi niliyebonyeza kile kitufe, nililazimika kuiweka simu chini kidogo.

Sura ya Frederiksen ndiyo moyo wa kitabu, hata kama jalada linamtaja Muoria peke yake. Yeye aliketi na familia iliyobaki Kenya na kuwasikiliza. Kinachotoka hapo ni kwamba *Mumenyereri* halikuwa kalamu ya mtu mmoja. Lilikuwa biashara ya nyumbani. Judith na Ruth walikuwa ndani ya kazi hiyo. Mwanzoni gazeti lilitegemea mitambo ya wachapaji Wahindi wa Nairobi, watu wa aina ya Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye *Colonial Times*, ambaye alifungwa kwa uchochezi miaka hiyohiyo ya 1940. Baadaye Muoria akapata mtambo wake. Na mtambo ukishakuwa wako, kila mtu wa nyumbani ni mfanyakazi. Mimi hili silisomi tu, nalijua mgongoni. Mke wa bosi wetu hukunja kurasa na kupiga stepla kila Alhamisi usiku, na jina lake haliko popote kwenye bango la duka.

Wachapaji wamekuwa hivyo tangu zamani, na si huku tu. Chukua Boston ya karne ya 18. James Franklin alianzisha *New-England Courant* mwaka 1721, akafungwa mwaka uliofuata kwa kuwaudhi wakubwa, na alipokatazwa kulichapa gazeti likaendelea kwa jina la mdogo wake, Benjamin, aliyekuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi. Huyo Benjamin baadaye akawa Benjamin Franklin wa noti za dola mia. Lakini uliza ni nini kilimpata James. Alihamia Newport, Rhode Island, akafa mwaka 1735, na mjane wake Ann akashika mtambo na kuchapa kazi za serikali ya koloni. Mtoto wao alipoanzisha *Newport Mercury* mwaka 1758 na kufariki miaka minne baadaye, ni mama huyohuyo aliyelibeba gazeti, akiwa mzee, mpaka naye akafa mwaka 1763. Wangapi kati yetu tulisoma habari za Franklin shuleni? Na wangapi walimsikia Ann?

Jina lingine ni Jane, dada mdogo wa Benjamin. Jill Lepore alimwandikia kitabu kizima mwaka 2013, *Book of Ages*. Benjamin alimwandikia Jane barua nyingi kuliko alivyomwandikia mtu mwingine yeyote, lakini kwenye kitabu chake cha maisha hakumtaja hata mara moja. Jane alizaa watoto kumi na wawili na kuzika kumi na mmoja. Barua zake za ujana hazipo. Hakuna aliyeona haja ya kuziweka. Lepore anafanya kazi ya ajabu hapo: anachukua kijitabu kidogo alichokishona Jane mwenyewe cha tarehe za kuzaliwa na kufa, pamoja na barua zake za uzeeni, na kutokana na hivyo anamjenga mtu mwenye hasira, mzaha na njaa ya kusoma. Barua zenyewe zimejaa tahajia za kubahatisha, na Lepore anaziacha hivyohivyo.

Sasa, hapa ndipo ninapogombana na *Writing for Kenya*.

Kitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza ni maisha: sura ya Lonsdale, ya Frederiksen, na ya Wangari, binti aliyezaliwa London. Ya pili ni vijitabu vitatu vya Muoria, Kikuyu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Uamuzi huo wa kuweka lugha mbili uso kwa uso nausifu bila kusita. Unamheshimu msomaji wa Kikuyu kama mwenye nyumba, si mgeni. Lakini hakuna sehemu ya barua. Familia iliyokatwa katikati na bahari kwa zaidi ya miaka arobaini, nyumba mbili Kenya na moja London, na msomaji hapewi barua zikiwa zimepangwa na kuachwa zijisemee kama vijitabu vilivyoachwa vijisemee. Tunapata sauti ya Muoria kamili, aya kwa aya, anapowashauri watu wake wafanye nini. Sauti za wake tunazipata zikiwa zimepita mkononi mwa mtafiti, kwa muhtasari, kwa kumbukumbu. Wamehojiwa, ndiyo, na Frederiksen amewasikiliza kwa adabu. Ila kuhojiwa si kuchapwa.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Muoria alikuwa mwandishi na wao hawakuwa, kwa hivyo maandishi yake ndiyo yatakayochapwa. Sawa. Lakini soma hivyo vijitabu. Vinahusu nini? Kazi, elimu, mwenendo, umoja, jinsi mtu anavyopaswa kuishi na wenzake. Ni ushauri wa nyumbani uliopandishwa jukwaani. Mtu akikuambia jinsi ya kupanga nyumba, mimi ningependa kusikia pia kutoka kwa waliokuwa wakiifagia.

Sura ya Wangari inakaribia kulijibu hilo. Ruth alimfuata mumewe London mwaka 1954, na watoto wakazaliwa huko. Binti anaandika kama mtoto anavyoona: baba anayerudi kutoka zamu, kisha anaketi kuandika, nyumba ya Kikuyu ndani ya mji wa Waingereza, nchi inayozungumzwa kila siku na haionekani. Si msomi na hajifanyi msomi. Sentensi zake zinatembea wima, hazina mapambo, na mara nyingine zinapita haraka mahali ambapo nilitaka akae. Na bado, kurasa zake ndizo zilizonipa baba badala ya shujaa. Nilimpenda Muoria zaidi akiwa na uchovu wa zamu ya usiku kuliko akiwa nyuma ya Kenyatta.

Labda utauliza mtu wa Kisii anajali nini katika haya yote. Nitakuambia. Sisi tuna jirani aliyechapa kabla ya Muoria. Ukitoka hapa mjini, ukipita Oyugis na kuteremka kuelekea Kendu Bay, utafika Gendia, ambako misheni ya Waadventista ilianzisha mtambo wa chapa mwaka 1913, na nyumba ya uchapishaji iko hapo hadi leo. Wakisii wengi wamekua na karatasi za kanisa mkononi kabla ya kushika gazeti lolote. Kwa hiyo si kwamba chapa ilitukwepa. Ilitufikia mapema, ikiwa imebeba maneno ya watu wengine.

Na barua? Barua maarufu zaidi kuhusu Wagusii hazikuandikwa na Mgusii. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, ofisa wa kikoloni ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na alikuwa mtu wa kuandika barua kwao Uingereza. Barua zake zikatunzwa, na wanahistoria wakazisoma. Otenyo tunaye kwenye nyimbo na kwenye ugomvi wa mitandaoni. Moraa, mwanamke anayesemekana kumchochea, tunaye kwa mdomo tu. Aliyechomwa ana makaratasi, aliyechoma hana. Sisemi tuchome nyaraka za Northcote. Nasema tu kwamba nikisoma historia yetu, mara nyingi nasoma kwa jicho la mtu aliyekuwa akimwelezea mama yake jinsi kidonda kinavyoendelea.

Ndiyo maana kosa la *Writing for Kenya*, kama ni kosa, linaniuma kuliko lingemuuma msomaji wa Leiden. Familia ya Muoria ilikuwa na bahati adimu. Watu waliosoma, waliojua thamani ya karatasi, baba asiyetupa muswada hata ukikataliwa mara ngapi. Kama kuna nyumba ya Kenya ambayo ingeweza kutupa kitabu cha barua, barua halisi za mke na mume na watoto katika miaka mibaya kuliko yote, ni hiyo. Wahariri wanne wazuri walikuwa mlangoni. Wakachagua vijitabu.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Vijitabu vyenyewe vilikuwa hatarini kupotea, na kuvichapa upya kulikuwa kazi ya haraka kama ya zimamoto. Pia hakuna kitabu kingine ninachokijua kuhusu mhariri wa Kenya kinachoweka wake wote, nyumba zote, watoto wa bara mbili, katikati ya hadithi ya gazeti bila kuona haya na bila udaku. Soma maisha ya wanasiasa wetu wenyewe walivyojiandikia: mke anatokea siku ya harusi, anatoweka, anarudi kwenye ukurasa wa shukrani. Frederiksen na Wangari wamekataa kufanya hivyo. Kwa mwandishi yeyote kijana wa hapa anayetaka kuandika juu ya mzee wake, mwalimu, mchungaji, mchonga mawe wa Tabaka, yeyote yule, sura hizo mbili zinatosha kuwa darasa. Sura ya Lonsdale unaweza kuirudia baadaye.

Na lugha? Kitabu kiko kwa Kiingereza na Kikuyu. Hakuna toleo la Kiswahili, lugha ambayo Elizabeth, Judith, Ruth, nyanya zangu wawili na wewe unayesoma hapa mngeweza kukutana ndani yake. Nimejaribu kumsimulia mwenzangu wa dukani sura ya London kwa Kiswahili, tukingoja mashine ipoe, na alichoniuliza kilikuwa cha kwanza kabisa ambacho Mkisii angeuliza: "Sasa huyo wa kwanza aliyebaki Kenya, nani alikuwa anamlipia watoto karo?" Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandika pembeni. Karo ni mambo ya barua.

Baada ya kumaliza kitabu nilienda Nyamira Jumapili moja. Nyanya mdogo alikuwa akichambua mboga uani. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia nilichofanya kwenye kompyuta, na kwamba si mashine iliyokosea. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaingia ndani, akarudi na mkebe wa majani ya chai, na ndani yake bahasha saba. Sokoro alifanya kazi Nairobi kwa miaka mingi, na barua zilikuwa zikipitia sanduku la posta la shule; mwalimu ndiye aliyekuwa akimsomea, mlango ukiwa wazi ili watu wasiseme. Mwalimu huyo naye ameshakufa.

"Nisomee hii," akasema. "Lakini soma polepole, mjukuu wangu. Yule mwalimu alikuwa akikimbia."

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, Kiswahili cha kuchanganya na Ekegusii, wino wa bluu. Alimsalimu kwa jina lake. Akauliza ng'ombe amezaa nini. Akasema ametuma pesa kwa mkono wa mtu wa Keroka, na azigawe sawa na mwenzake wa nyumba kubwa. Halafu kulikuwa na mistari miwili ambayo mwalimu, nadhani, hakuwahi kuisoma kwa sauti, kwa sababu nilipoisoma nyanya aliacha mboga, akaniomba niirudie.

Nimezipiga picha zote saba. Faili ya kijitabu bado iko kwenye kompyuta ya duka, na mstari wenyewe nimeurudisha. Baba mdogo atakuja mjini mwezi ujao, tunapanga kumbukumbu ya mwaka mmoja, na ameshaniambia nichape nakala mia moja.